Udongo Wenye Kiu

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na stashahada moja siku Kidole kiliponiambia kwamba bibi yangu wa kale alikuwa mfua chuma.

Kidole si jina lake la kiserikali. Kwenye makaratasi kinaitwa Kifaa cha Kubaini Mstari wa Mama, lakini hakuna mtu aliyekaa nacho chumba kimoja akaendelea kukiita hivyo. Kina mkono mmoja wa kioo, mwembamba kuliko kijiti cha meno. Mkono huo hushuka juu ya kigae, hukigusa, hutulia, kisha hupanda. Baada ya dakika arobaini namba inatokea kwenye skrini.

Asubuhi hiyo ya Jumatatu kilikuwa kimemaliza vipande kumi na vinne vya mirija ya udongo kutoka mlima wa Ngofi. Mirija hiyo ndiyo iliyopitisha upepo wa mivukuto kwenye tanuri la kuyeyushia chuma, miaka mia sita iliyopita. Vipande kumi na vitatu vilitoa Mstari 212. Kipande namba tisa kilitoa Mstari 88.

Mstari 88 ni wa mama yangu. Uko kwenye kitambulisho changu, chini ya picha. Nilikitoa mfukoni nikakiweka kando ya skrini, nikasoma namba zote mbili kwa sauti, kisha nikampigia mama, Tukuyu.

"Mama, umekaa?"

"Nimesimama, napepeta maharage. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Yaani, amekufa, lakini zamani sana. Mama, bibi yetu alikuwa mfua chuma! Alifinyanga mrija wa tanuri kwa mikono yake. Ninao hapa mezani."

Nikasikia ungo ukiwekwa chini.

"Bibi yetu yupi? Sisi watu wa Rungwe. Huko Ngofi alifuata nini?"

"Sijui, mama."

"Na watoto alimwachia nani?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na machozi hayo hayakuwa ya kicheko peke yake. Nilimshukuru yule bibi nisiyemjua. Nilimshukuru kwa kutembea, kwa kushika udongo, kwa kuacha alama ambayo mjukuu wake angekuja kuikuta. Katika chuo ambacho watu wenye shahada tatu hupita mlangoni kwangu bila kunisalimia, nilijiona nina ukoo kwenye taaluma hii.

Naeleza mashine kwa ufupi, maana bila hayo, mengine hayataeleweka. Udongo mbichi hunywa jasho la anayeufinyanga. Ukichomwa kwa moto mkali, baadhi ya chembe zake huyeyuka na kuwa kama kioo, na tulichofundishwa ni kwamba jasho lile hufungiwa humo milele. Sisi mafundi tunakwangua milimita moja ya juu ili kuondoa uchafu wa karne. Kidole kinapasha moto chembe moja iliyo chini ya hapo, ndogo kuliko punje ya ulezi, kinanusa kinachotoka, kinalinganisha na Daftari la Akina Mama, orodha ya serikali ambamo kila ukoo wa upande wa mama una namba yake ya mstari. Umri hakiujui. Umri tunaupata kwenye mkaa uliolala kando ya kigae. Kidole kinasema nani, mkaa unasema lini.

Kwa miaka kumi na mmoja, nani na lini ndiyo maswali yaliyoamua watu gani wanywe maji ya mlimani. Mvua zilipokatika nyanda za chini, watu walipanda kufuata chemchemi, na waliokuwa juu wakaona zinapungua. Ndipo ikatungwa Sheria ya Wenyeji: anayeweza kuthibitisha kwamba mama zake waliishi pale kabla ya mwaka 1800 abaki; asiyeweza ashushwe Makazi Mapya, kwenye mabati na maji yanayoletwa kwa gari mara mbili kwa wiki. Mahakama haikutaka masimulizi. Ilitaka kigae.

Tulishachimba mashimo thelathini na nane kwa amri ya mahakama. Mara zote thelathini na nane Kidole kilisema waliokuwa juu ndio wenyeji. Ngofi lilikuwa shimo la thelathini na tisa, na Mstari 212 umejaa kwa watu wa Handeni, ambao ndio wahamiaji wa Ngofi, kaya mia tatu. Kwa mara ya kwanza walioambiwa wageni walikuwa wameshinda.

*

Profesa Kokugonza, mwanamke anayesimamia utafiti wetu, aliingia na kikombe chake cha udongo mkononi. Hakunywa kahawa kwenye kikombe kingine. Hicho, kisichopakwa rangi, aliletewa zawadi na wafinyanzi wa kijiji kimoja alikochimba ujanani.

"Tulinagwe, namba hizo ni za kweli au umezibembeleza?"

"Za kweli, Profesa. Nimezirudia mara mbili."

Aliweka kikombe juu ya meza yangu, jambo ambalo maabara hairuhusu, akanishika mabega.

"Thelathini na nane," akasema. "Mara thelathini na nane nimesimama mahakamani nikawaambia watu wafungashe. Nilijua siku moja udongo utasema vingine. Asante, mwanangu. Asante sana."

Mimi ndiye niliyepaswa kusema asante. Chuoni kwetu fundi wa maabara huandikwa kwenye ukurasa wa shukrani, baada ya wafadhili na kabla ya dereva. Profesa Kokugonza aliniandika kwenye orodha ya waandishi, jina langu lote, Tulinagwe Mwaipaja, na mhariri alipouliza kama kuna makosa, alimjibu kwamba kosa ni miaka yote ambayo halikuwapo. Alinitoa stoo nilikokuwa nikipanga masanduku, akanifundisha Kidole skrubu kwa skrubu. Na ndiye aliyeweka kanuni kwamba vibarua wa uchimbaji watoke kijiji chenye shimo, kwa sababu zamani vyuo vilikuja na watu wao, vikachimba, vikaondoka, kijiji kikabaki na vumbi. Nilimpenda. Bado nampenda.

Jina lake lilivuka mipaka kwa sababu ya Mama Msafiri. Katika vigae vya mashimo matatu ya kabla ya sheria, yaliyo mbalimbali, Mahenge, Ukaguru na Umatengo, Kidole kilikuwa kimekuta Mstari 31, mstari wa kandokando ya Ziwa Viktoria. Profesa akaandika makala juu ya mwanamke mfua chuma aliyetoka ziwani akivuka nchi nzima kwa miguu, akifundisha kujenga matanuri. Shule za msingi zina wimbo wake. Kuna sanamu yake kwenye lango la makumbusho, amebeba mivukuto begani.

Profesa mwenyewe hakuwa na mstari. Waliokuwa na zaidi ya miaka hamsini sheria ilipoanza waliruhusiwa kukataa kupimwa, naye alikataa kwa maandishi. "Mimi ni mtu," aliniambia mara moja. "Namba mtampa atakayekubali."

*

Jumanne nilipanda Ngofi kupeleka habari. Kisheria ningesubiri barua, lakini habari njema haikai mfukoni.

Wachimbaji walikuwa shimoni. Watu wa juu walikuwa wamesusa kazi. Waliona ni matusi kuthibitisha wanachokijua, kwa hiyo vibarua wote walitoka kwa wahamiaji. Kiongozi wao, Mzee Mhando, alikuwa amechimbia vyuo kwa miaka arobaini. Mwaka jana mahakama ilimwondoa Mbalawe, mlima wa jirani, baada ya Kidole kuwapa wa juu ushindi. Akaja Ngofi kwa shemeji yake.

"Shikamoo, Mzee Mhando."

"Marahaba, fundi. Umekuja na uso wa harusi. Nani anaolewa?"

"Nyinyi. Mstari 212, Mzee. Vipande kumi na vitatu."

Alivua kofia. "Mia mbili kumi na mbili si mimi huyo?"

Aliijua namba yake kwa moyo. Yeye hakupewa karatasi ya kukataa. Siku ya kuondolewa Mbalawe alishikwa mkono akachomwa sindano barazani kwake.

"Ni wewe, Mzee."

"Jamani!" akapaza sauti. "Acheni majembe! Tumekuwa wenyeji!"

Mwajabu, aliyekuwa kwenye chekeche, mama wa watoto wanne, aliangusha chekeche lenyewe. "Tumekuwa wenyeji? Basi naanza leo leo kuwanunia wageni." Watu wakacheka, wakapigana mabega. Mwanamke mmoja akakaa chini akajifunika uso kwa kanga. Walinipa mihogo ya kuchemsha na chai ya tangawizi, wakaniombea kwa Mungu, kwa wazazi, hata kwa walimu walionifundisha kusoma.

Mzee Mhando akarudi shimoni huku bado anatabasamu. Akachomoa kitu kidogo cheusi ukutani mwa shimo, akakipangusa kwa kidole gumba, akakilamba.

"Kigae," akasema, akakitupia kwenye sinia.

Kila mchimbaji hufanya hivyo. Jiwe halishiki ulimi, kigae kinashika. Ni njia ya haraka kuliko darubini, na nimeizoea tangu siku yangu ya kwanza kazini. Lakini sikuwahi kutulia nikatazama mate yanakwenda wapi. Sasa kigae kilikuwa kwenye sinia mbele yangu, na doa la mate lilikuwa liking'aa juu yake. Nikalitazama. Halikukauka. Lilizama. Udongo uliochomwa una vitundu visivyoonekana, una kiu. Ndiyo maana unashika ulimi.

Milimita moja, nikawaza. Tunakwangua milimita moja tu, na Kidole hakitenganishi mate na jasho.

"Mzee," nikasema, "vile vipande kumi na vinne vya mirija. Ulivilamba?"

"Vyote, bila shaka. Mavi ya chuma, yale mabaki ya tanuri, na mrija ulioungua vinafanana sana, usipolamba utajaza masanduku takataka." Akafikiri. "Vyote ila kimoja. Kile ulilamba wewe, siku ulipoleta masanduku. Hukumbuki? Nilikufundisha. Ulikunja uso kama umepewa kwinini."

Kipande namba tisa.

Niliketi kwenye ukingo wa shimo. Bibi yangu wa kale, aliyeacha watoto akavuka milima kwenda kufinyanga mirija, alikuwa mimi, Jumamosi moja, nimevaa viatu vya kuazima.

Nilimweleza Mzee Mhando hapo hapo, polepole, maana nami nilikuwa nikijieleza. Alipoelewa alicheka mpaka akashika ukuta wa shimo.

"Kwa hiyo mababu zangu wote kumi na watatu ni mimi! Nina miaka mia sita! Mwajabu, kuanzia leo niamkie kwa magoti."

Kisha kicheko kikakatika.

"Na Mbalawe?" akauliza. "Mbalawe walichimba vijana wa juu. Kanuni ya Profesa ilikuwa hiyo. Walilamba wao."

"Ndiyo, Mzee."

"Na kule kwingine kote?"

"Kote walichimba wa juu. Mashimo thelathini na nane."

Chini yetu mtu alikuwa bado anaimba.

"Dada yangu Mwanamvua bado yuko Mbalawe," akasema. "Wale wa mwisho. Malori yanakuja Jumatatu. Fundi, ukilisema hili, sisi hapa ushindi unatutoka."

"Ndiyo."

"Usiposema, dada yangu anapakiwa."

"Ndiyo."

"Basi hilo la kusema au kutosema usiniulize mimi peke yangu." Akawaita wote kwenye chekeche, akaniachia niseme mwenyewe.

Nimezungumza mbele ya maprofesa, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyowaogopa watu kumi na mmoja wenye vumbi hadi kwenye kope. Nilipomaliza, Mwajabu alinitazama kwa hasira ya wazi.

"Si ungenyamaza tu kwanza? Si ungesubiri hata nikalale usiku mmoja mwenyeji?"

"Ningeweza, dada."

"Na hao wa Mbalawe wana kaya ngapi?"

"Tisini zilizobaki."

Alipiga chekeche teke, si kwa nguvu. Akaenda, akarudi. "Nimefurahi kama dakika kumi hivi," akasema. "Zilikuwa dakika nzuri, asante. Sasa nenda ukaseme. Lakini usije ukasema ni vibarua wachafu walioharibu. Nani alitufundisha kulamba?"

"Profesa mwenyewe," akajibu Mzee Mhando. "Mahenge, mimi na yeye tukiwa vijana. Mpaka leo akija shimoni halambiwi na mtu, analamba mwenyewe. Mahenge, Ukaguru, Umatengo, kote huko tulikwenda pamoja."

Alisema hivyo kwa mapenzi tu, kama mtu anayemkumbuka rafiki. Mimi ndiye niliyekumbuka kwamba hayo matatu ndiyo mashimo ya Mama Msafiri.

*

Nilirudi na vigae vitano ambavyo Mzee Mhando alivichomoa kwa koleo mbele ya macho yangu, bila kuguswa na mkono wala ulimi. Jumatano nzima nilivipitisha kwenye Kidole. Kigae cha kwanza: HAKUNA MSTARI. Cha pili vivyo hivyo. Vyote vitano. Moto wa tanuri ulikuwa umeteketeza kila kitu karne sita zilizopita, jasho na jina. Ndani ya udongo hapakuwa na mtu. Hapakuwahi kuwa na mtu. Miaka kumi na mmoja tulikuwa tumesoma midomo ya vibarua wetu wenyewe, na kwa kuwa kwa haki na heshima tulimwajiri mwenye kijiji, kila kijiji kilijithibitisha chenyewe.

Palibaki jambo moja. Mahakama ingesema: Ngofi ni shimo moja, fundi ni mmoja, na mashimo thelathini na nane yanampinga. Nilihitaji kosa ambalo hakuna angelikanusha, katika shimo ambalo sikulikanyaga, kabla hata sijaajiriwa. Nilihitaji kujua Mama Msafiri ni nani.

Alhamisi Profesa alikwenda kwenye kikao cha baraza, akaacha kikombe chake mezani kwangu.

Sheria inakataza kumsoma mtu aliye hai bila idhini yake, isipokuwa mahakama ikiamuru, na kifungo chake si kifupi. Naijua sheria hiyo. Imebandikwa juu ya mashine. Nilikaa nikikitazama kikombe kile kwa muda wa kutosha kujua ninachokifanya. Sikujiambia kwamba ni kipande cha udongo tu. Nilijua ni mwanamke aliyenitoa stoo, aliyekataa kwa maandishi, na kukataa kwake nilikuheshimu kuliko mambo mengi niliyoyasikia chuoni.

Kisha nikakiweka chini ya Kidole, ukingo juu, mahali ambapo midomo yake ilikuwa imegusa kwa miaka ishirini na zaidi.

Mstari 31.

*

Nilimwambia Ijumaa asubuhi, ofisini kwake, nimesimama. Sikuficha kitu. Nilimwonyesha vigae visivyolambwa, nikampa namba za Mahenge, Ukaguru na Umatengo. Mwisho nikamwambia kuhusu kikombe.

Kuhusu vigae alikuwa mtafiti kabla sijamaliza sentensi. Aliuliza joto la tanuri, akauliza kina cha vitundu, akafanya hesabu pembeni ya barua ya mtu. Nilimwona akifika mahali nilipofika, haraka kuliko mimi. Nilipofika kwenye kikombe aliweka kalamu chini.

"Umenisoma."

"Ndiyo, Profesa."

"Kwa kitu ninachonywea."

"Ndiyo."

Aligeukia dirisha. Akasema, akiwa ananipa mgongo, "Watoto wanamwimba. Unajua? Mjukuu wangu anamwimba. Kumbe ni mimi nilikuwa nazunguka nchi nzima nikijikuta mwenyewe." Sauti yake ilitetemeka, na nilidhani ni kilio, kumbe ilikuwa karibu na kicheko. Kisha ikanyooka. "Uko sahihi kuhusu udongo. Nipe miezi mitatu. Nitaitisha jopo, nitarudia vipimo, tutatoa tamko kama idara. Likitoka kwa fundi mwenye stashahada, Tulinagwe, watalitafuna. Likitoka kwangu, litasimama."

"Najua, Profesa. Lakini malori yanakuja Mbalawe Jumatatu."

"Nitapiga simu."

"Kwa nani?"

Wote wawili tulijua kwamba simu haisimamishi amri ya mahakama; kinachoisimamisha ni ushahidi ulioapishwa, na ushahidi ulikuwa kwenye bahasha kwapani mwangu.

"Usiondoke nayo," akasema. Hakuamuru. Aliomba.

"Nakushukuru kwa kila kitu, Profesa," nikasema, na nikaondoka nayo. Saa sita kasoro niliapa mbele ya karani wa mahakama. Kwenye ukurasa wa waandishi wa taarifa ile niliweka jina langu, na chini yake majina ya wachimbaji kumi na mmoja wa Ngofi, la kwanza likiwa la Mhando.

*

Jumatatu malori yalifika Mbalawe na yakarudi matupu. Mzee Mhando alinipigia akiwa kwa dada yake. Sikuelewa alichosema kwa kelele za watu, nikasikia tu mwanamke mzee akiuliza, "Ndiye huyo? Mwambie nimepika," na simu ikapita mikono mingi, kila mmoja akinishukuru kwa maneno yale yale. Jaji alisimamisha mashauri yote thelathini na tisa mpaka yasikilizwe upya bila Kidole. Ngofi nao wamo. Hawajashinda wala hawajashindwa. Wapo, na Mwajabu amepanda maharage. Watu wa juu wamechapisha barua ya matusi inayonihusu, na mimi sioni kwa nini wasikasirike. Waliambiwa kwa miaka kumi na mmoja kwamba udongo unawajua.

Wiki ya tatu niliitwa Kamati ya Nidhamu. Palikuwa na watu saba na jagi la maji. Mwenyekiti, Dakta Chilongani, ni mtu mpole ambaye amewahi kunisaidia kubeba masanduku.

"Kamati haipingi matokeo yako," akasema. "Nataka liandikwe hivyo. Kuna mambo mawili tu: kutoa taarifa nje bila idara, na kumsoma mtu hai bila idhini. La kwanza tunaweza kulimaliza hapa. La pili, mwathirika asiposhtaki, tunaweza kulimaliza kwa barua ya kuomba radhi. Ukiandika, unarudi kazini kesho. Usipoandika, ajira inakoma, na kama atashtaki hatuwezi kukukinga. Profesa?"

Profesa Kokugonza alisimama. Alikuwa amekonda.

"Makala ya Mama Msafiri nimeifuta mwenyewe," akasema. "Nimewaandikia makumbusho waiondoe sanamu. Katika hayo yote Tulinagwe alikuwa sahihi na nimemwambia. Sitamshtaki." Akanigeukia. "Lakini nimeishi miaka sitini na tatu bila kumruhusu mtu yeyote anigeuze namba. Wewe ulijua. Wewe kuliko wote ulijua. Sidai kingine. Nataka uniombe radhi, kwa kikombe tu."

Angeomba mtu mwingine, ingekuwa rahisi. Nilisimama, na kwa muda sikuona watu wengine sita.

"Profesa," nikasema, "ulinitoa stoo. Uliliandika jina langu pale ambapo hapakuwahi kuandikwa jina la fundi. Kila ninachojua kuhusu kupima, kurudia kupima, na kutoiamini furaha yangu mwenyewe, nimekipata kwako. Hata siku ile mbele ya kikombe, nilifikiri kwa akili uliyonifundisha. Nitakushukuru hadi nife, na si maneno ya kamati haya.

"Ningekuomba ruhusa, ungeninyima. Ungekuwa na haki ya kuninyima, na Jumatatu ingefika. Mzee Mhando hakupewa karatasi ya kukataa. Alishikwa mkono barazani kwake, na kwa miaka kumi na mmoja maelfu walishikwa hivyo hivyo, kwa ajili ya mashine tuliyoiendesha mimi na wewe. Kwa yeyote kati yao hakuna kamati iliyokaa. Najua nilichokuchukulia, Profesa, na najua hakirudi. Ningefanya bila kujua, lingekuwa kosa la kuombea radhi. Nilijua."

"Kwa hiyo barua?" akauliza Dakta Chilongani, kwa upole, kalamu ikiwa tayari.

"Andika kwamba nawashukuru wote," nikasema. "Radhi siombi."